Mtu Mmoja na Magunia ya Bonde Zima

Miradi ya masoko ya mazao inayoshuka Bonde la Rukwa huja na orodha ya vitu: ghala, mzani, barabara ya kuingilia ghalani, kipima unyevu, kompyuta, mafunzo ya siku chache. Kila kitu kina bei yake, mkandarasi wake na tarehe yake ya kukabidhiwa. Mtu atakayeamka alfajiri kufungua hilo ghala, akapima, akaandika, akatafuta mnunuzi, kisha akapokea simu za wakulima mpaka usiku, yeye hayumo kwenye orodha. Kwenye maandiko ya mradi kazi yake hupewa chama: chama kitapokea mazao, chama kitatafuta soko, chama kitahakikisha mkulima analipwa. Na chama cha mazao cha kijijini, ukienda kukitafuta siku ya kazi, mara nyingi ni katibu mmoja na daftari lake.

Majimoto ni kata ya Halmashauri ya Mpimbwe, mkoa wa Katavi. Ukitoka Mpanda unapita Sitalike, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unafika Kibaoni, halafu unaingia bondeni. Wageni huijua kwa chemchemi zake za maji ya moto. Wafanyabiashara wa nafaka huijua kwa mpunga. Udongo ni mweusi wa mbuga, maji hushuka kutoka kwenye ukingo wa bonde, na wanaolima ni Wapimbwe wenyeji, Wafipa, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe na majembe yao ya kukokotwa. Mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo mavuno nayo huja kwa mkupuo mmoja. Kati ya Mei na Julai bonde zima linavuna, linapura, linaanika na linataka kuuza, kwa sababu madeni ya palizi na ada za shule hazingoji.

Msimu ukiiva, siku ya katibu huanza jua halijatoka. Magunia huletwa usiku kwa mkokoteni wa ng'ombe na tela la trekta. Akifika ghalani anakuta watu wamelala juu ya mizigo yao wakimngoja. Anafungua, anausawazisha mzani, anaujaribu kwa jiwe la kilo 20 mbele ya watu ili baadaye pasiwe na maneno. Anakuja mama na magunia matatu ya mpunga wa Supa. Katibu anachoma gunia kwa bambo, anamwaga punje kiganjani, anazitia kwenye kipima unyevu. 16. Mpunga wa kuweka ghalani hautakiwi kuzidi asilimia 14.

"Mama, huu haujakauka. Nikiuingiza hivi utavunda, na utaharibu na wa wenzako."

"Katibu, mwanangu, nimeuanika siku mbili. Turubai lenyewe la kuazima. Sasa unanirudisha nao nyumbani?"

Anajua kwamba akimrudisha, mama harudi nyumbani. Atavuka barabara tu, mpaka kwa dalali ambaye hana kipima unyevu wala haja nacho, atapimiwa kwa debe na kulipwa taslimu papo hapo. Chama kitakuwa kimepoteza magunia matatu na mwanachama mmoja. Akimpokea, lawama ya mpunga uliovunda itakuwa yake. Nyuma ya mama kuna foleni, na katika foleni yumo mwenyekiti wa kitongoji ambaye hapendi kungojeshwa. Uamuzi huu, unaohitaji mtu mwenye utulivu na nafasi ya kumweleza mama kwa upole pa kuanikia ni wapi na ghala litamngoja mpaka lini, unafanywa kwa nusu dakika na mtu ambaye hajanywa hata chai.

Mchana anageuka mtunza ghala. Magunia lazima yapangwe juu ya vichanja, yaachiwe njia ya kupitisha hewa, yakaguliwe fukusi na panya. Alasiri yeye ni mhasibu: stakabadhi, daftari la mazao, makato, fedha ya wapakiaji. Katikati ya hayo anapita mtu wa halmashauri kuulizia takwimu za ushuru, benki inapiga kuulizia mkopo wa pembejeo, na ofisi ya Mrajis wa vyama vya ushirika inataka taarifa yake. Jua likizama anabakiwa na kazi moja, ambayo ndiyo iliyoandikiwa mradi tangu mwanzo. Kuuza.

Hapa ndipo ninapoona mipango yetu inakwama. Kuuza ni kazi ya mchana kweupe. Inataka mtu aijue bei ya leo ya mchele Tandale, Dar es Salaam, na ya mpunga Sumbawanga, ajue fuso inatoza kiasi gani kwa gunia kutoka bondeni mpaka Tunduma, ajue mashine ipi ya kukoboa inatoa mchele wenye chenga kidogo, atume sampuli, abishane bei, akatae, angoje, apige tena. Mnunuzi mzuri hapatikani kwa simu ya saa tatu usiku ya mtu aliyechoka, kwa vocha aliyoinunua kwa fedha yake. Kwa ratiba tuliyompa katibu, soko linapata saa za makombo. Halafu tathmini inakuja kuandika kwamba wakulima wa bonde wana mwamko mdogo wa kuuza kwa pamoja.

Malipo yake nayo yamefungwa mahali pabaya. Katika vyama vingi vidogo, mtendaji hulipwa posho inayotokana na ushuru wa chama, yaani senti chache kwa kila kilo iliyopita mikononi mwa chama. Kwa mazao ambayo hayana njia nyingine ya kuuzwa, mpango huu unaweza kusimama. Mpunga una milango elfu: shambani, barabarani, mashineni, nyumbani kwa dalali. Kila gunia linalopita mlango wa pembeni linapunguza posho ya katibu, na posho ikipungua hawezi kumlipa kijana wa kumsaidia kupima, na asipokuwa na msaidizi foleni inarefuka, na foleni ikirefuka magunia mengi zaidi yanavuka barabara. Kazi inaongezeka kadiri kipato kinavyoshuka. Hali hii haisababishwi na uvivu wa mtu yeyote. Ndivyo hesabu ilivyopangwa tangu kwenye andiko.

Tazama tumbaku, zao la nyanda za juu za mkoa huohuo, kwa kulinganisha. Mkulima wa tumbaku wa Mpanda anapanda akiwa tayari na mkataba. Kampuni ya kununua inajulikana kabla mbegu haijaota, pembejeo zimekuja kwa mkopo kupitia chama, na siku ya soko wapo wataalamu wa kupanga madaraja, wapo watu wa kampuni, yupo mtu wa chama kikuu. Zao hilo lina taabu zake nyingi, misitu inayokatwa kwa ajili ya kuni za kukaushia ikiwa mojawapo, lakini katibu wa chama cha tumbaku hatafuti mnunuzi peke yake usiku. Watu waliomzunguka ndio wanaolifanya soko lake lionekane lina utaratibu.

Kuna historia ambayo Wasukuma wa Majimoto wanaweza kuidai kuwa ya babu zao, na kila anayeandika mradi wa masoko ingefaa aisome. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoshwa na mizani ya wanunuzi. Dawa yao ya kwanza haikuwa ghala. Walichanga fedha, wakaweka watu wao wenyewe wa kupima na kuhakiki mizani vituoni, watu waliojua kusoma namba na ambao mshahara wao haukutoka kwa mnunuzi. Juu ya kazi ile vyama vikasimama, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake wakuu, shirikisho lililokuja kuhesabiwa kati ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Fedha ya kwanza ya mkulima ilimlipa mtu. Majengo yalifuata.

Baada ya uhuru vyama viliongezeka haraka kuliko watu wa kuviendesha. Serikali ikaunda kamati maalumu ya rais kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, na mwaka 1966 kamati ikasema waziwazi: miongoni mwa maradhi makubwa ni upungufu wa watendaji wenye ujuzi, pamoja na wanachama wasioelimishwa na siasa kuingilia kazi. Chuo cha Ushirika Moshi kilikuwa kimeshaanza mwaka 1963, na baada ya ripoti ile ikaundwa tume ya utumishi wa pamoja wa ushirika ili mtendaji wa chama awe na ajira inayoeleweka. Kwa maoni yangu ile ilikuwa njia sahihi, japo utekelezaji wake ulikuwa na kasoro zake, na ingepewa miaka ikomae. Haikupewa. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, kazi yao wakapewa mamlaka za mazao na vijiji. Nafaka ikawa ya Shirika la Taifa la Usagishaji. Miaka michache baadaye, 1982, sheria ikavirudisha vyama. Majina yalirudi. Watu waliokuwa wameijua kazi walikuwa wameshatawanyika.

Tangu hapo miradi haijakatika. Mpanda ilipokuwa bado ndani ya mkoa wa Rukwa, programu ya kuendeleza mifumo ya masoko ya mazao ya kilimo iliyofadhiliwa na IFAD ilifanya kazi kati ya 2002 na 2009, na ndiyo iliyosaidia kuupeleka vijijini mpango wa stakabadhi ghalani, ambao ulipata sheria yake mwaka 2005. Ikafuata MIVARF, programu ya miundombinu ya masoko, uongezaji thamani na fedha vijijini, kuanzia 2011 hadi 2020, iliyojenga na kukarabati maghala, masoko na barabara za vijijini nchi nzima. Mkoa wa Katavi ulizaliwa katikati yake, mwaka 2012. Siyabezi majengo haya. Ghala zuri linaokoa mpunga usinyeshewe na linampa mkulima nafasi ya kungoja bei. Lakini mradi una mwisho na ghala halina. Gari la mradi likiondoka, pamoja na afisa masoko wa mradi aliyekuwa na mafuta, posho ya safari na orodha ya wanunuzi kwenye simu yake, kazi yote aliyoifanya inamwangukia katibu bila chochote katika vile vilivyomwezesha yule kuifanya.

Na kila marekebisho mapya, hata yaliyo mema, yanatua juu ya meza ileile. Mkoani Katavi ufuta sasa unauzwa kwa stakabadhi ghalani, na minada inapita kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Wanunuzi wanashindana kwa uwazi na wakulima wanasikia bei kabla ya kuikubali. Ni hatua kubwa. Lakini malipo yanapita benki, na ili yapite lazima mtu aandike jina la kila mkulima kama lilivyo benki na namba ya akaunti bila kukosea tarakimu hata moja. Tarakimu moja ikikosewa, fedha inarudi ilikotoka. Mzee aliyeuza kilo 80 za ufuta anakuja asubuhi, anakuja jioni, anakuja kesho, na anayekutana naye uso kwa uso ni katibu. Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo imeleta MUVU, mfumo wa kidijitali wa kusimamia vyama, ili hesabu zionekane bila kusubiri mkaguzi. Nauunga mkono kabisa. Ila mfumo haujijazi wenyewe. Mahali ambapo intaneti inasuasua na umeme unakatika, kujaza kunachukua usiku, na daftari la karatasi bado linadaiwa.

Uzito wa kazi hii ulionekana nchi nzima katika msimu wa korosho wa 2018. Wanunuzi binafsi walipogomea bei, serikali iliamua Novemba mwaka ule kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaitwa kusaidia kukusanya na kusafirisha. Malori yalipatikana na askari walikuwapo. Kilichochelewesha fedha za wengi ni uhakiki: nani ana shamba wapi, kapeleka kilo ngapi, jina lake ni lipi, akaunti ni ipi. Yaani kazi ya katibu wa chama, ambayo hakuna lori linaloweza kuifanya.

Najua kinachosemwa kila hoja hii inapotolewa. Makatibu ndio walioiba. Ni kweli wapo walioiba, na TAKUKURU imewafikisha mbele ya sheria viongozi wa vyama vya mazao na kurejesha fedha za wakulima katika mikoa kadhaa. Mkulima aliyedhulumiwa mavuno ya mwaka mzima ana haki ya hasira yake, na sitaki kumwomba aisahau. Ninachosema ni kwamba wizi huo na uchovu huu vinaingilia mlango mmoja. Mtu anayepima, huyohuyo anaandika, huyohuyo anatunza ghala, huyohuyo anaandaa malipo, ni mtu asiye na jicho la pili juu yake kuanzia Januari mpaka Desemba. Akiwa mwizi, hakuna wa kumwona. Akiwa mwaminifu, hakuna wa kumshuhudia siku kilo 40 zitakapopungua kwa sababu mpunga umekauka zaidi ghalani, na atalipa kwa ng'ombe wake. Mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, anakuja baada ya mambo kutokea. Karani wa pili anakuwapo yanapotokea. Kumwajiri kunampunguzia katibu mzigo na kumlinda mkulima kwa shilingi ileile.

Dalali anastahili kuangaliwa kwa makini zaidi ya matusi tuliyozoea kumpa. Lumbesa yake, gunia la kujazwa kupita kiasi, ni dhuluma, na Wakala wa Vipimo una haki ya kumfuata mpaka mashineni. Lakini nguvu yake haitoki kwenye debe peke yake. Yeye anafanya kazi moja tu. Hapimi unyevu, hajazi fomu, haitishi mkutano mkuu. Nyuma yake yupo mwenye fuso, yupo mwenye mashine, yupo tajiri wa mjini anayemtumia fedha kwa simu saa yoyote, na kila gunia analolipata lina chake cha siku hiyohiyo. Amezungukwa na watu wanaotaka afanikiwe. Katibu amezungukwa na watu wanaotaka taarifa. Tukiwaweka hawa wawili washindane kwenye barabara moja ya vumbi, tusishangae fuso zinajaa upande upi.

Ningekuwa na kauli katika mradi ujao wa masoko Katavi, ningeanza na ukurasa wa mishahara kabla ya ule wa saruji. Vyama vya kata jirani, tuseme Majimoto, Mamba, Kasansa na Mwamapuli, haviwezi kila kimoja kumlipa meneja masoko. Vikiungana vinaweza kuwa na mmoja, kijana aliyesoma ushirika au biashara pale Moshi, mwenye pikipiki, simu ya ofisi na kazi moja tu ya kuuza. Mradi umlipe misimu mitatu ya kwanza kwa mshahara wa kila mwezi usiotegemea kilo, kisha uanze kupungua kidogo kidogo kadiri ushuru wa chama unavyopanda. Kila ghala liwe na mpimaji na mwandishi ambao ni watu wawili tofauti, hata kama ni kwa miezi minne ya msimu tu. Afisa ushirika wa halmashauri apewe mafuta ya kufika Majimoto mwezi Juni, msimu ukiwa umepamba moto, badala ya kuletwa mwezi Novemba kusikiliza malalamiko. Na zile taarifa ambazo kila ofisi inaitisha kwa fomu yake, ziandikwe mara moja mahali pamoja na ofisi zote zichukue hapo.

Gharama ya haya nadhani ingeonekana ndogo kando ya jengo lolote lililokwisha kujengwa. Shida ni kwamba mshahara haupigwi picha, na mwaka wa tatu wa kulipa karani hauna mgeni rasmi. Watu wa mipango wameniambia mara nyingi kwamba wafadhili hawapendi kulipa mishahara kwa sababu si endelevu. Ghala lisilo na mtu wa kuuza nalo si endelevu, na linagharimu zaidi.

Jambo hili lina haraka kwa sababu masoko ya mkoa yanapanuka. Lami sasa imeiunganisha Mpanda na Tabora, na Bandari ya Karema imejengwa kwenye Ziwa Tanganyika ikitazamana na Kalemie, upande wa Kongo, ambako mchele unatafutwa. Wapo wanunuzi ambao mpunga wa bonde haujawahi kuwafikia moja kwa moja, lakini Kalemie haipigiwi simu na mtu aliyeinama kwenye vichanja.

Halafu upo mradi mwingine, wa umwagiliaji, ambao Tume ya Taifa ya Umwagiliaji inautekeleza Mwamapuli. Wakulima wanaungoja kwa hamu, nami nawaunga mkono, maana maji yakidhibitiwa bonde litaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Leo katibu anapona kwa sababu msimu unaisha. Kiangazi ndipo anapofunga hesabu, anakutana na wakaguzi, anaandaa mkutano mkuu, na anaandaa shamba lake mwenyewe, ambalo kwa kweli ndilo linalomlisha. Mavuno ya pili yatakula miezi hiyo yote. Kabla maji hayajafunguliwa kwenye mfereji mkuu, halmashauri, Tume na vyama vya bonde wakae waandike kwenye bajeti nani atapima mpunga wa kiangazi, nani atauuza, na kila mmoja wao atalipwa kutoka fungu gani.